Setilaiti Imepita na Hukusikika: Mwongozo wa Kutafuta Kasoro kwa Waendeshaji wa Redio za Ridhaa Uganda

Mtu anayeanza kuzungumza kupitia setilaiti kwa redio ya ridhaa, yaani redio ya mawasiliano ya watu binafsi isiyo ya biashara, hukutana mapema na jioni ya namna hii: amesimama uani akiwa na redio ya mkononi na antena ya miiba, programu ya simu inamwonyesha kwamba setilaiti iko juu ya kichwa chake, anaita mara tano, mara kumi, wala hajibiwi. Dakika kumi zinapita, setilaiti inazama upande wa Sudan Kusini, naye anarudi ndani asijue kama kasoro ilikuwa kwenye redio, kwenye kebo, angani au kwake mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jioni hiyo. Unamhusu mtu ambaye tayari ana leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda na alama ya wito (jina lake hewani) inayoanza na 5X, na ambaye vifaa vyake viko tayari lakini mawasiliano hayakamiliki.

Ninafuata kanuni moja, nami nashauri usiivunje hata ukiwa na haraka: kasoro itafutwe kuanzia angani ikishuka hadi mkononi, na upande wa kupokea uthibitishwe kabla upande wa kurusha haujaguswa. Wengi hufanya kinyume. Wasipojibiwa huongeza nguvu, huita kwa sauti kubwa zaidi, hubadilisha maikrofoni, na kumbe jibu lilikwisha kuja mara tatu nao hawakulisikia. Kwa setilaiti za FM (namna ya kawaida ya kurusha sauti kwa redio za mkononi) zinazozunguka karibu na dunia, wati 5 na antena ndogo ya kushika mkononi zinatosha kabisa. Ukiwa na hizo na bado hupati mtu, anza kushuku masikio yako kabla ya kushuku mdomo wako.

Hatua ya kwanza: je, setilaiti yenyewe inafanya kazi?

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, tazama jedwali la hali ya setilaiti linaloendeshwa na AMSAT, chama cha setilaiti za redio ya ridhaa, ambamo waendeshaji wa dunia nzima huandika walichosikia kwa kila saa. Ripita ya sauti (redio inayopokea na kurusha tena) ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, inayopokea kwenye megahezi 145.990 kwa toni ya hezi 67 (mlio wa chini unaoambatana na sauti ili kuifungua) na kurusha kwenye 437.800, huzimwa wanaanga wanapotoka nje kufanya kazi au chombo kingine kinapokaribia kutia nanga. Setilaiti ya SO-50, iliyorushwa mwaka 2002, ina kipima muda cha dakika 10, na muda huo ukiisha hunyamaza mpaka mtu aiamshe kwa kurusha kwa sekunde mbili hivi akiwa na toni ya 74.4 kwenye 145.850, kisha arudi kwenye toni ya 67 ili azungumze. Hapa kwetu, ambako mara nyingi wewe ndiwe mtu wa kwanza kuifikia katika eneo zima, usisubiri mwingine akuamshie. Na AO-7, iliyorushwa Novemba 1974 na kunyamaza mwaka 1981 betri zake zilipokufa, ilifufuka mwaka 2002, ila tangu hapo hufanya kazi inapopigwa na jua tu. Ikiwa kivulini, hata antena bora haitakusaidia.

Wapo pia wanaoendelea kuitafuta PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyopelekwa kwenye Kituo cha Anga Novemba 2022 na kuachiliwa tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. Hamu hiyo ninaielewa, nami nilikuwa nayo. Lakini setilaiti ndogo iliyoachiliwa katika kimo cha kilomita 400 hivi huvutwa na mabaki ya hewa nyembamba mpaka ikaungua, na yetu imekwisha kuanguka. Ukiikuta bado kwenye orodha ya programu yako, iondoe ili isikupotezee jioni.

Hatua ya pili: saa na mahali

Hapa ndipo sisi tunaosema Kiswahili tunaponaswa kuliko wengine. Programu nyingi za kutabiri huonyesha saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, simu huonyesha saa za Afrika Mashariki ambazo zimetangulia kwa saa 3, na vinywa vyetu vinahesabu kuanzia jua kuchomoza. Niliwahi kumwambia mwenzangu wa Jinja tukutane kwenye setilaiti saa 3 usiku. Yeye alikuwa anasoma kompyuta, akaelewa 03:00, akaamka peke yake kabla ya alfajiri. Tangu siku hiyo natumia hesabu fupi: chukua saa ya UTC, ondoa 3, na utapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 15:00 UTC ni saa 12 jioni. 07:00 UTC ni saa 4 asubuhi. Jibu likizidi 12, ondoa 12. Likipungua chini ya 1, ongeza 12. Mkiandikiana ujumbe, andikeni UTC na kuitaja kwa jina lake, mambo yaishe.

Kisha angalia data za obiti, yaani namba zinazoieleza programu njia ya setilaiti. Za Kituo cha Anga huchakaa haraka kwa sababu kituo husukumwa juu kwa injini mara kwa mara, kwa hiyo zipakue upya kila baada ya siku chache. Za setilaiti nyingine zinaweza kukaa wiki moja au mbili bila madhara. Hakikisha pia mahali ulipo pameandikwa sawasawa. Kusahau alama ya kutoa kwa mtu wa Masaka au Mbarara, walio kusini mwa ikweta, kunaleta kosa dogo tu, lakini kubadilishana latitudo na longitudo ni kosa kubwa: Kampala iliyoandikwa nyuzi 32 kaskazini na 0 mashariki inakuwa Algeria, na kila utabiri utakaopewa utakuwa wa Algeria.

Jambo moja la mahali petu linawashangaza waliojifunza kwa maelezo ya Ulaya. Dunia hujizungusha chini ya setilaiti, na kila mzunguko wa Kituo cha Anga huvuka ikweta takriban kilomita 2,500 magharibi mwa mzunguko uliotangulia. Walio kaskazini ya mbali hupata mipito (setilaiti kuvuka anga lao) minne au mitano mfululizo. Sisi hupata mmoja mzuri, pengine wa pili ulio chini sana kwenye upeo wa macho, halafu tunasubiri hadi zamu ya upande wa pili wa siku. Kwa hiyo usijipime kwa mpito wa nyuzi 8 unaozibwa na vilima. Chagua inayopanda zaidi ya nyuzi 30, na jaribio lolote la kutafuta kasoro lifanye kwenye mipito hiyo pekee.

Hatua ya tatu: kusikia

Fungua kabisa skwelchi, yaani kile kidhibiti kinachozima mchakacho pasipokuwa na mtu. Watu wengi wamekosa setilaiti nzima kwa sababu kidhibiti hiki kilikaa mahali ambapo kinamfaa jirani anayerusha kutoka mtaa wa pili. Setilaiti ni dhaifu; huisikii kwa kuwa inapiga kelele, unaitambua kwa kuwa mchakacho unapungua.

Baada ya hapo shughulikia Doppler. Chombo kinachokujia huonekana kurusha juu ya masafa yake halisi na kinachokwenda zake huonekana chini yake, na kwenye megahezi 437 tofauti hiyo hufika karibu kilohezi 10 kila upande. Kwa ripita ya Kituo cha Anga, jaza redio yako nafasi tano za kumbukumbu: 437.810 setilaiti inapochomoza, 437.805 ikiwa imepanda, 437.800 inapokuwa karibu zaidi nawe, kisha 437.795 na 437.790 inapozama. Katika kila nafasi weka masafa ya kurushia 145.990 na toni ya 67. Upande wa kurusha hauhitaji kusogezwa kwa FM, kwani kwenye megahezi 145 mhamo hauzidi sana kilohezi 3. Ukisikia sauti imejaa mikwaruzo kwenye herufi kali kama s na sh, uko nje ya masafa kwa hatua moja. Shuka, usipande, kwa sababu katika mpito mmoja masafa ya kushukia huteremka tu.

Halafu ugeuze mkono. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililonifungulia mlango. Nilikuwa juu ya kilima kimoja upande wa Mukono, antena nimeielekeza barabara kule setilaiti ilikokuwa, na kilichokuja kilikuwa mchakacho mzito kama mvua ya bati. Mkono ulichoka, nikaushusha kidogo na kifundo kikajigeuza robo duara, miiba iliyokuwa imesimama ikalala. Mchakacho ulihama kama mvua inavyohamia bati la jirani, na sauti ya mtu ikabaki peke yake, safi, akitaja alama yake ya wito herufi kwa herufi. Antena haikuwa imehama upande. Kilichobadilika ni jinsi miiba ilivyolingana na wimbi. Setilaiti hujizungusha, na ulinganifu huo hubadilika dakika kwa dakika, kwa hiyo kila sauti inapofifia, geuza kifundo kwanza, elekeza upya baadaye, badilisha masafa mwishowe.

Ikiwa bado husikii kitu, shuku kebo. Mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 humeza zaidi ya nusu ya nguvu kwenye megahezi 435, na kebo nene ya RG-213 ya urefu huo hupoteza chini ya theluthi moja. Kwa antena ya mkononi tumia kebo isiyozidi mita moja na nusu. Viungio navyo vichunguzwe kwa macho na kwa mikono. Niliwahi kununua kebo iliyokwisha kufungwa viungio katika duka moja mjini. Mita ya umeme ilionyesha waya umeungana mwisho hadi mwisho, lakini pini ya katikati haikuwa imeshikwa na lehemu, ilikuwa inagusa tu, na kila nilipoinua antena kebo ilipinda na pini ikaachana na waya. Nilipoteza mipito sita kabla ya kuipinda kebo mezani huku mita ikiwa imeunganishwa, na kuona sindano ikianguka. Sasa kila kebo mpya naipinda hivyo kabla ya kuipeleka uani. Na kiungio chochote kinachokaa nje kifungwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kwa maana mvua zetu haziingii kwa matone, huingia kwa kusukumwa na upepo.

Kelele za nyumbani ni adui mwingine. Inveta za sola, taa za LED za bei nafuu na chaja za simu hutoa mchakacho unaofunika setilaiti kabisa. Jaribio lake ni jepesi: weka redio kwenye betri, zima swichi kuu ya nyumba, usikilize kama mchakacho unashuka. Ukishuka, washa kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Walio karibu na Kololo au Naguru, ambako minara ya redio na televisheni imesongamana, wana tatizo la aina nyingine, kwani mawimbi makali ya vituo vya FM hulemea vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta. Kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108 kikiwekwa kati ya antena na kipokezi hubadilisha hali papo hapo.

Kuna pia hali ambayo haina dawa, nami naitaja ili mtu asivunje antena nzuri. Tunaishi karibu na ikweta ya usumaku, na baada ya jua kutua, hasa kuzunguka miezi ya Machi na Septemba na zaidi katika miaka ambayo jua lina misukosuko mingi, tabaka la ionosfia lililo juu sana angani hupasuka mapovu yanayofanya mawimbi yatetemeke. Sauti hukatika kwa kasi kama inayopita nyuma ya ua wa miti, na kwenye megahezi 145 hali ni mbaya kuliko kwenye 435. Ukikutana na hali hiyo kuanzia saa 2 usiku, jaribu mpito wa asubuhi. Ikiwa asubuhi kila kitu ni kizuri, vifaa vyako havina hatia.

Hatua ya nne: kujisikia mwenyewe

Sasa, na sasa tu, bonyeza kitufe. Lengo la kwanza ni kusikia sauti yako ikirudi kutoka angani huku ukiendelea kuzungumza, na kwa hilo unahitaji kipokezi cha pili chenye kisikilizio cha masikioni. Kama unachosikia ni kimya, angalia toni kabla ya kingine chochote, kwani bila toni ya 67 ripita haifunguki. Redio nyingi za mkononi zina toni ya kurusha na toni ya kupokea katika menyu mbili tofauti. Ile ya kupokea iache imezimwa, la sivyo redio itaizuia setilaiti isikufikie.

Ikiwa ulikuwa unasikia vizuri na mara ulipobonyeza kitufe kila kitu kikazimika, redio yako inajiziba masikio yenyewe. Sababu iko kwenye hesabu: 145.990 mara tatu ni 437.970, jirani kabisa na masafa unayosikiliza. Fanya jaribio hili bila setilaiti: sikiliza kituo chochote dhaifu kwenye 435, rusha kwa muda mfupi kwenye 145, tazama kama kinatoweka. Kikitoweka, punguza nguvu hadi wati 1, tenga antena mbili umbali wa mita kadhaa, au weka kigawanya masafa kati ya redio na antena. Mara nyingi kupunguza nguvu peke yake kunatosha.

Ukijisikia wazi na bado hujibiwi, basi vifaa vyako vinafanya kazi na tatizo ni kwamba hakuna mtu. Kituo cha Anga huonekana kwa walio ndani ya kilomita 2,200 hivi kutoka chini yake, na waendeshaji wa Afrika Mashariki si wengi. Kwa Nairobi na Kigali mpito wowote mzuri unafaa. Kwa Johannesburg, iliyo karibu kilomita 3,000 kutoka Kampala, chagua wakati setilaiti iko juu ya Zambia au kusini mwa Tanzania, ambapo wote wawili mnaiona. Peaneni miadi.

Kwa setilaiti za SSB

SSB ni namna ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, wa chini (LSB) au wa juu (USB). Setilaiti ya RS-44 iko juu zaidi na inabaki angani kwa muda mrefu, ndiyo maana naipenda kwa mazungumzo ya utulivu. Inapokea kati ya 145.935 na 145.995 kwa LSB na kurusha kati ya 435.610 na 435.670 kwa USB, na mkanda wake umepinduliwa: ukipanda upande wa kurusha, sauti yako hushuka upande wa kupokea. Ukipotea, kumbuka kwamba masafa hayo mawili yakijumlishwa hutoa 581.605 daima, ukiacha Doppler. Kwa hiyo ukirusha kwenye 145.965 jitafute karibu na 435.640. Tafuta kwanza bikoni yake, ishara ambayo setilaiti hurusha yenyewe, kwenye 435.605. Ukiisikia hiyo na usijisikie wewe, kasoro iko upande wa kurusha au umechagua LSB na USB kinyume. Usirushe FM humo hata kwa majaribio, kwani setilaiti hugawa nguvu yake kwa wote waliomo nawe utakuwa umewanyang'anya.

Kwa QO-100

Setilaiti hii, iliyorushwa Novemba 2018, imetulia juu ya ikweta kwenye nyuzi 26 mashariki, na kwa Kampala iko nyuzi 82 juu, upande wa magharibi, karibu utosini. Hilo linazaa makosa mawili ambayo maelezo ya Ulaya hayayataji. La kwanza ni LNB, kile kipokezi kinachokaa mbele ya dishi. Masafa membamba hushuka kati ya 10489.5 na 10490.0 kwa mkao wa wima, lakini wima huo ni wima wa setilaiti, yaani kaskazini na kusini, na kwa mtu aliye karibu na ikweta unafika ukiwa umelala. LNB iliyofungwa kama kawaida na kupewa volti 12 itasikia karibu na sifuri. Izungushe robo duara, au ipe volti 18 bila kuizungusha, na bikoni ya 10489.750 itajitokeza. La pili ni maji: dishi linalotazama juu hivyo huweza kukinga mvua kama sufuria, kwa hiyo toboa tundu dogo mahali pa chini kabisa. Na ukishaanza kurusha kwenye megahezi 2400, sauti yako isizidi nguvu ya bikoni. Ukizidi, king'ora kitapigwa juu ya masafa yako.

Kabla ya kutoka uani

Antena iliyoelekezwa angani usiku huwatia majirani wasiwasi. Mweleze mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa wako, mapema, mwonyeshe leseni, msikilizishe mpito mmoja akipenda. Beba daftari, na kwa kila mpito andika saa ya UTC, mwinuko wa juu kabisa, ulichosikia na kitu kimoja tu ulichobadilisha. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kilichoponya.

Na utakapojibiwa, sema kwa ufupi: alama ya wito ya mwenzako, yako, kisha mraba ulipo, yaani msimbo wa ramani ya waendeshaji iliyogawa dunia kwa latitudo na longitudo. Kampala na Entebbe ziko KJ60, Masaka iko KI59. Ukishazoea, chukua redio uende hadi kwenye alama ya ikweta pale Kayabwe, ambako mguu mmoja uko KJ60 na mwingine KI69, na kwenye longitudo 32, si mbali na hapo kuelekea magharibi, pembe za miraba minne hukutana. Tangaza siku na saa mapema. Miraba hiyo hutafutwa na wengi, na mpito mmoja wa RS-44 ukiwa hapo hautakutosha kuwajibu wote.